UZI: Hizo volti ni za nani? Kwa wale wote saketi ziliwapiga chenga shuleni

fundi_kibuye

Wasee habari za jioni. Huu uzi utakuwa mrefu kidogo kwa hivyo kama uko na haraka rudi kesho. Mimi ni fundi, niko na kibanda upande wa Kibuye hapa Kisumu, redio, inverta, spika, chaja, hizo ndizo zimenilisha miaka 14 sasa. Juzi mtoto wa dadangu amefunga shule akaja kukaa na sisi, ako fomu tatu, akaniletea swali la fizikia kwa kazi yake ya likizo akaniambia anko si wewe ni mtu wa stima, hii utamaliza kabla chai ipoe.

Chai ilipoa.

Swali lenyewe ndio hili, betri ya 12V, rezista ya 4Ω iko sirizi (zinafuatana kwa njia moja) na kifungu cha rezista mbili za paraleli (zimekaa ubavu kwa ubavu), 6Ω na 3Ω. Tafuta karenti ya kila rezista.

(+) 12V ──[4Ω]──┬──[6Ω]──┬── (−)
                └──[3Ω]──┘

Yeye alikuwa ashajaribu. Ameandika V = IR (volti ni karenti mara ohmu), akageuza ikawa I = V/R, halafu 12/4 = 3A, 12/6 = 2A, 12/3 = 4A, na kila jibu amelipigia mstari mara mbili na rula. Fomula ni sawa, kugawanya ni sawa, mwandiko ni msafi kuliko wangu, na majibu yote matatu ni uongo.

Sasa shida ni kwamba mimi hii kitu naijua kwa mkono. Kwa karatasi nilikwama kama dakika kumi nikiona aibu mbele ya mtoto, mpaka nikajiuliza kama hii ingekuwa bodi imelala hapa mezani ningefanya nini? Ningechukua mita, niguse huku na huku ya ile 6Ω. Na nisingesoma 12. Hapo kichwa kikafunguka.

Nikamwuliza, hii 12V ni ya nani? Akasema ya betri. Na hii 6Ω? Ya rezista. Sasa mbona unachukua volti za mtu mmoja unazigawanya na ohmu za mtu mwingine? Akanyamaza. Hiyo kunyamaza yake ndio ilinifanya nianzishe huu uzi, kwa sababu nimegundua hata vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu wanafanya kosa hilo hilo, ile tu wao wanalifanya na solda mkononi.

V = IR iko sawa siku zote lakini hao watatu lazima wawe wa nyumba moja. Volti zilizo kati ya miguu miwili ya rezista HIYO, karenti inayopita ndani ya HIYO, na ohmu za HIYO. Ama zote tatu ziwe za saketi nzima. Ukichanganya umepotea hata kama kalkuleta yako ni ya elfu tano.

Basi tukaanza upya. Wale wa paraleli kwanza tunawageuza mmoja, 6 × 3 = 18, gawa na 6 + 3 = 9, unapata 2Ω. Hiyo 2Ω sasa iko sirizi na 4Ω, jumla 6Ω. SASA ndio unaruhusiwa kutumia 12V juu hizo 6Ω ni za saketi nzima kama vile 12V ni ya saketi nzima. 12/6 = 2A. Hiyo ndio inatoka kwa betri na yote inapita kwa 4Ω, haina njia ingine. Kwa hivyo 4Ω inakula 2 × 4 = 8V. Zimebaki 4V. Hizo 4V ndizo wale wawili wa paraleli wanapata, na wote wawili wanapata 4 nzima nzima, hawagawani. 6Ω inapitisha 4/6 = 0.67A, 3Ω inapitisha 4/3 = 1.33A. Jumlisha, 2A. Imerudi pale pale.

Mtoto akaona hiyo 2A akaruka, "si hata mimi niliandika 2A!" Nikamwambia ndio mama lakini wewe uliiandikia 6Ω, ni jibu sawa limeingia nyumba ya jirani. Na angalia ile ya 3Ω uliandika 4A. Betri yote inatoa 2A, huyu mmoja anakunywa 4 akitoa wapi?

Kitu kimoja tu alikataa kuelewa. Aliniuliza anko, tuko na 6 na 3, tumeziweka pamoja, imekuwaje tumepata 2? Umeongeza rezista na ukinzani umepungua? Nikamwambia ni kama kanisa likifungua mlango wa pili watu wanatoka haraka. Akaitikia ile ya adabu tu. Mwenye mfano mzuri kuliko wa kanisa aulete.

---

stage_ya_kondele

Omera fundi umeandika vizuri lakini sisi wa boda hizo 4Ω zitatusaidia na nini. Mimi niliweka taa za LED kwa pikipiki, zile nyeupe tatu tatu, jamaa akaniwekea na rezista kabisa, zikawaka siku nne zikaanza kukufa moja moja. Rezista si ilikuwepo?

---

fundi_kibuye

Ilikuwa ya ngapi? Rangi zake unakumbuka?

---

stage_ya_kondele

Kahawia nyekundu kahawia

---

fundi_kibuye

Hiyo ni 120Ω, sawa. Sasa hapo ngoja nikuonyeshe kitu kwa sababu huyo jamaa hakukosea hesabu, alikosea betri.

LED usiihesabu kama rezista, haina ohmu zake za kudumu. Ikiwaka inashikilia volti zake tu, nyekundu inataka kama 2V, nyeupe kama 3.2V, ukiongeza kidogo juu ya hapo karenti inapanda vibaya sana. Kwa hivyo anayeamua karenti ni rezista iliyo karibu yake, na rezista inapata masalio. Nyeupe tatu sirizi ni 9.6V. Betri 12, masalio 2.4V. 2.4 gawa na 120 ni 0.02, yaani miliampea 20. Hapo LED imefurahi. Jamaa alipiga hiyo hesabu akaenda zake.

Lakini pikipiki ikinguruma betri inachajiwa, iko kwa 14.4V hivi. LED bado zinachukua 9.6 zao. Masalio sasa ni 4.8V. Unaona? Betri imepanda kidogo tu, masalio yamekuwa mara mbili, na karenti mara mbili, miliampea 40. Siku nne zilikuwa nyingi hata.

Weka LED mbili sirizi badala ya tatu. 14.4 toa 6.4 ni 8V, gawa na 0.02 unapata 400, duka utapata 390 ama 470, chukua 470. Ukizima injini zitafifia kidogo lakini hazitakufa.

---

mwl_lurambi

Mulembe wote. Mimi nafundisha fizikia huku Kakamega na nimefurahia huu uzi ila fundi nikurekebishe kidogo, umesema 4Ω "inakula" volti. Mwanafunzi akiandika hivyo kwa karatasi ya mtihani anapoteza alama. Tofauti ya volti kati ya ncha mbili, aandike hivyo. Najua kwa mdomo sote tunasema inakula, hata mimi darasani hunitoka.

Mfano wa kanisa uache. Mimi natumia barabara. Ukitoka Kapsabet ukienda Kisumu unashuka. Ukipitia Chavakali unashuka, ukipitia Nandi Hills utokee Chemelil unashuka, kuna mahali mteremko ni mkali na mahali ni tambarare, lakini ukifika ziwani jumla ya mita ulizoshuka ni ile ile kwa yule wa Chavakali na yule wa Chemelil. Hiyo ndio volti. Ndio maana wale wa paraleli wana volti sawa, walianza mlima mmoja wakamaliza bonde moja. Na karenti ni magari. Pale Mamboleo yanayoingia kwa njia panda ndiyo yanayotoka, hakuna gari linameza lingine. Barabara mbili zinapitisha magari mengi kuliko moja, kwa hivyo "ukinzani" umepungua hata kama ile ya pili ni mbovu. Mwambie huyo binti hivyo.

Hizo kanuni mbili, ya mteremko na ya njia panda, zinaitwa za Kirchhoff, mwanafizikia Mjerumani, alizitoa 1845 akiwa na miaka 21, bado mwanafunzi. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi hiyo miaka halafu nanyamaza.

---

nakuru_baridi

Mwalimu hiyo ya Chavakali nimeielewa kuliko miaka minne ya sekondari.

Swali langu ni la shower. Niko Section 58 Nakuru, baridi ya huku mnaijua. Shower ya umeme imeandikwa 5500W. Asubuhi saa kumi na moja maji ni moto safi, jioni saa moja usiku hata nikipunguza maji ni ya uvuguvugu. Nimebadilisha elementi, bado. Halafu soketi ya nje ya bafu inanuka plastiki.

---

fundi_kibuye

Ngoja ngoja. SOKETI? Shower imechomekwa kwa soketi??

---

nakuru_baridi

Fundi wa kwanza alisema ni sawa bora plagi iwe orijino

---

fundi_kibuye

Zima hiyo kitu sasa hivi, kuoga ni kwa karai leo.

5500 gawa na 240 ni karibu ampea 23. Plagi yetu ya mapini matatu ya mraba mwisho wake ni 13. Hiyo harufu ni pini zinachemka, na siku moja utaamka hiyo soketi imekuwa makaa. Shower inavutiwa waya wake pekee kutoka kwa boksi ya breka, fundi wengi wanaweka 6mm² na breka ya 32A na swichi yake ya kuvuta ama ya ukutani nje ya bafu, na ethi ya ukweli, ule waya wa kwenda ardhini. Tafuta mtu aliye na leseni ya EPRA, wale wa mamlaka ya kawi, akufanyie, mimi niko Kisumu na hii sio kazi ya kuelekezwa kwa simu.

Sasa ile ya jioni, hiyo ni hesabu tamu. Elementi yako ni rezista, 240/23 ni kama 10.5Ω, hiyo haibadiliki asubuhi na jioni. Kinachobadilika ni volti za mtaa. Jioni kila mtu amewasha, volti zinaweza kushuka tuseme 210. Karenti inakuwa 210/10.5 = 20A, na moto unaopata ni 210 × 20 = 4200W. Volti zimepungua kama sehemu moja kwa nane, lakini watti zimepungua karibu robo, kwa sababu volti zikishuka zinaenda na karenti pia. Elementi ulibadilisha bure pole.

---

mwl_lurambi

Hapo fundi umenena. Na aangalie kitu kingine, soketi inayochemka nayo iko sirizi na shower. Inachukua volti zake kabla shower ipate. Kwa hivyo sehemu ya moto wake anaupata ukutani badala ya kwenye maji.

---

nakuru_baridi

Nimezima. Karai imerudi kazini. Asanteni, hamjui mmenitisha kiasi gani.

---

ahero_kwa_maji

Nimesoma yote mpaka hapa nikaamua nijiunge tu. Niko Ahero, nina kisima kifupi na pampu ya 12V imeandikwa 60W. Betri iko sebuleni juu ya wezi, kutoka hapo mpaka kisimani ni mita 40, nimevuta waya wa 1.5mm². Pampu inanguruma kama mtu ana mafua, maji yanakuja kidogo kidogo. Kuna fundi alikuja akapima kule kisimani akapata 12.5V akasema unaona stima imefika yote, pampu ndio imekufa, nunua ingine. Elfu tisa. Kabla sijatoa hizo pesa, huyo alipima sawa?

---

fundi_kibuye

Alipima sawa. Alisoma vibaya. Alipopima pampu ilikuwa imeunganishwa ama alikuwa ameitoa?

---

ahero_kwa_maji

Alitoa nyaya kwa pampu akaweka kwa mita

---

fundi_kibuye

Nilijua tu. Wasee hii ndio sababu nilianzisha uzi, someni polepole hapa.

Waya ni rezista. Ndogo lakini ni rezista. Shaba ya 1.5mm² ukipiga hesabu, kila mita moja ni kama 0.0115Ω. Mita 40 kwenda na 40 kurudi (watu wengi husahau ya kurudi) ni mita 80, unapata 0.92Ω. Ulizoea kuona hiyo ni bure kabisa. Lakini pampu yako yenyewe ni ngapi? 60W kwa 12V ni 5A, 12/5 ni 2.4Ω. Kwa hivyo uko na saketi ile ile ya mtoto wa dadangu, rezista mbili sirizi, moja ni pampu na ingine imelala kwa matope haionekani.

12 gawa na (2.4 + 0.92) ni 3.6A. Waya unachukua 3.6 × 0.92, 3.3V hivi. Pampu inabaki na 8.7V. Ukizidisha na 3.6 ni watti 31. Umelipia pampu ya 60W unaendesha nusu.

Sasa mbona yule alisoma 12.5 nzima? Kwa sababu alitoa pampu. Mita ya dijitali yenyewe ni ohmu milioni kadhaa, nyingi ni milioni 10, karenti inayopita ni hewa tu. Na karenti ikiwa hakuna, waya hauchukui chochote, 0 × 0.92 ni 0. Waya mwembamba, waya mbovu, waya umebaki uzi mmoja wa shaba, zote zitakuonyesha 12.5 bila mzigo. Kupima volti bila mzigo ni kumwuliza mtu kama ana nguvu akiwa amekaa.

Rudisha pampu, iwashe, halafu upime IKIWA INANGURUMA. Pima kwa betri, halafu pima kwa miguu ya pampu. Leta namba.

---

mwl_lurambi

Kwa wanafunzi wanaosoma, pampu ni mota na mota haitii V = IR kama rezista, ikizunguka inazalisha volti zake za kupinga. Hiyo 2.4Ω ni makisio ya kutusaidia kufika karibu. Kwa karatasi ya mtihani usithubutu.

---

fundi_kibuye

Mwalimu uko sawa. Lakini kisimani tunakubali karibu.

---

ahero_kwa_maji

Nimepima leo asubuhi pampu ikifanya kazi. Kwa betri 12.2. Kwa pampu 7.3. Mlisema 8.7 sasa hii ni nini tena jameni?

---

fundi_kibuye

Vizuri sana. Yaani vibaya kwako lakini vizuri kwa uzi. Unaweza pima karenti? Utakata njia upande mmoja wa betri halafu mita iingie KATIKATI kama ni waya. Nyaya nyekundu iende kwa tundu la 10A. Ukimaliza itoe hapo urudishe kwa tundu la volti HARAKA kabla usahau.

Nasema hivyo juu kijana wangu wa mkono alisahau mwaka jana. Alipima karenti, akaacha nyaya kwa tundu la 10A, jioni akataka kujua volti za betri ya gari akagusa moja kwa moja huku na huku. Mita ikiwa kwa ampea ndani yake ni karibu 0Ω, ni kama umeweka msumari juu ya betri. Na hizi mita ndogo za njano za bei rahisi lile tundu la 10A nyingi zimeandikwa hapo chini kabisa kwamba halina fyuzi. Nyaya zililainika kama chapati mkononi mwake. Kidole kilipona, mita hapana.

---

ahero_kwa_maji

Ampea 3.4. Nimerudisha nyaya kwa volti kabla hata sijakuandikia hahaha

---

fundi_kibuye

Haya. Jumla iliyopotea njiani ni 12.2 toa 7.3, yaani 4.9V. Waya wako kwa hesabu unafaa kuchukua 3.4 × 0.92 = 3.1V. Kuna 1.8V zingine zimeenda kwa mtu hatumjui. Hizo volti ni za nani?

Kuna mahali umeunga waya?

---

ahero_kwa_maji

Moja tu, karibu na mti wa ndimu. Rola ya kwanza haikufika nikaongeza. Nilisokota vizuri nikafunga na tepu nyeusi, huo ni mwaka wa pili sasa.

---

fundi_kibuye

Udongo mweusi wa Kano, mvua zote hizo, tepu, miaka miwili. Usiikate bado! Pampu ikiwa inafanya kazi chukua pini mbili za nguo, dunga moja kwa waya huku ya jointi na ingine kule ya jointi, waya UO HUO mmoja, halafu pima kati ya hizo pini. Na wengine msijaribu hii kitu ya pini kwa 240V hata kwa mchezo, hii ni 12V ya betri.

---

stage_ya_kondele

Unapima waya mmoja huku na huku? Si itakuwa sifuri?

---

fundi_kibuye

Jointi nzuri itakuwa karibu sifuri. Ndio nataka kuona.

---

ahero_kwa_maji

Wa nyekundu 0.04. Wa nyeusi 1.71. MOJA NUKTA SABA MOJA. Na nimeshika hiyo jointi ni ya joto kabisa kama kikombe cha uji.

---

fundi_kibuye

Huyo ndiye mwizi. 1.71 gawa na 3.4 ni 0.5Ω, jointi ya sentimita tatu imezidi nusu ya mita 80 za waya. Na 1.71 × 3.4 ni karibu watti 6, ndio huo moto wa uji. Sasa ndio ukate.

---

ahero_kwa_maji

Nimekata. Ndani ni kijani na unga mweupe, shaba ingine ilikuwa inavunjika kama ugoro. Nimesugua, nimeunga upya na ile kiungio ya skurubu, nikafunika na chupa ya plastiki nimeiinamisha. Kwa pampu sasa 8.8V. Mlisema 8.7 mkahesabu na betri ya 12.0, na yangu ni 12.2, nyinyi watu ni wachawi.

Lakini 8.8 bado ni kidogo si ndio? Nimeuliza bei ya 6mm² mita 80 nikarudi nyumbani nikanywa maji. Betri siwezi kuhamisha nje, nimeshawaambia.

---

mwl_lurambi

Ungekuwa na mfumo wa 24V ungepona kwa rahisi. Watti zile zile 60, karenti ingekuwa 2.5A badala ya 5, na waya ule ule ungechukua nusu ya volti, tena kutoka kwa 24. Ndio sababu ile stima inayotengenezwa Olkaria kule Naivasha haitumwi kuja huku kwetu kwa 240. Laini kubwa nyingi za nchi hii ni 132, 220 na 400, na hizo ni maelfu ya volti.

---

ahero_kwa_maji

Mwalimu paneli, betri na pampu zote ni za 12. Nitauza ng'ombe?

---

fundi_kibuye

Hakuna kuuza ng'ombe. Uko na rola ingine ya 1.5 mahali?

---

ahero_kwa_maji

Iko, nilinunua mbili ofa, nilitaka kuweka taa ya kuku. Mita 50, ile ya nyekundu na nyeusi pamoja.

---

fundi_kibuye

Hapa nimeita mtoto wa dadangu. Nimempa kalamu sijamwambia kitu, nimemwambia tu anko wa Ahero ana waya wa 0.92Ω na ana mwingine kama huo stoo. Amekaa hivi, akachora. Akaandika 0.92 na 0.92 paraleli. 0.46. Akaangalia hiyo namba muda mrefu halafu akasema "aah, ni waya umenenepa." Basi. Kanisa na Chavakali zote pembeni, hiyo yake ndio sahihi kuliko zetu. (Samahani mwalimu.)

Akaendelea mwenyewe, 12.2 gawa na 2.86, 4.27A, mara 2.4, 10.2V kwa pampu. Vuta huo wa pili sambamba na wa kwanza, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, mwanzo na mwisho. Bila jointi katikati tafadhali.

---

mwl_lurambi

Samahani imekubaliwa. "Waya umenenepa" naiba hiyo, muhula ukifunguliwa iko ubaoni.

---

nakuru_baridi

Mimi bado niko na karai ila nafuatilia hii pampu kama mpira. Fundi wa leseni anakuja Alhamisi.

---

ahero_kwa_maji

Nimevuta. Mvua ilinipata katikati lakini nimevuta. Pampu ikiwa inafanya kazi, 10.1V. Haingurumi tena, inalia ile sauti nyembamba, na tenki ambalo lilikuwa linamaliza siku nzima kujaa leo limejaa likamwagika saa nane mchana mke wangu akaniita akidhani bomba limepasuka. Taa ya kuku itangoja.

Mwambieni huyo binti asante. Pia mniulizie, ingekuwaje kama ningeweka waya wa tatu?

---

fundi_kibuye

Ni yeye ameshauliza kabla yako. Amepiga, 0.92 gawa kwa tatu ni 0.31, pampu ingepata 10.8V. Wa pili ulikupa 1.4 zaidi, wa tatu unakupa 0.6 tu, wa nne hata kidogo zaidi. Anasema waya wa tatu utafutie kuku.